Kuosha baiskeli ya gia yenye tope: ndoo, mpira, pampu ya mgongoni, mashine ya presha au brashi kavu?

Mvua za kusini zikishaanza, Novemba au Desemba, hadi zikatike Aprili au Mei, kila anayeendesha baiskeli ya gia huku Mtwara na Lindi anafika nyumbani na kazi ya pili inamsubiri. Tairi pana zenye meno zinachota udongo na kuutupa kwenye fremu, kwenye mnyororo, kwenye breki, hadi mgongoni kwa mwendeshaji. Ukiuliza watu watano namna ya kuutoa utapata majibu matano, kila mmoja akiapia la kwake. Nami naona wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu aliyeko Shangani mjini Mtwara mwenye bomba uani hafanani na aliyeko Newala juu anayepima maji ya tangi kwa kata.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tano: ndoo na dodoki, mpira wa bombani, pampu ya mgongoni, mashine ya presha ya wanaoosha magari na bodaboda, na brashi kavu bila maji. Kuipeleka mtoni siihesabu kama njia. Sabuni na oili zinawafuata wanaochota chini yako, na Ruvuma ina mamba.

Vya kuangalia kabla ya kuchagua

Anza na tope lenyewe, maana matope ya huku hayafanani. Uwanda wa Makonde, kuanzia Tandahimba hadi Newala, una udongo mwekundu wa kichanga. Haunati sana, na ukikauka unapukutika ukiugusa, ila punje zake ni mchanga na zinasaga chuma. Mabondeni kuna mfinyanzi mweusi. Huo unajaa kati ya tairi na foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na ukiuacha ukauke unakuwa mgumu kama tofali. Halafu kuna mchanga wa pwani, wa Mikindani au Msimbati. Huo kwa macho ni msafi, lakini umebeba chumvi, na chumvi hailali: mnyororo ulioachwa nao usiku mmoja asubuhi una rangi ya kutu.

La pili ni maji. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mvua inanywea ardhini moja kwa moja, ndiyo maana wazee walikuwa wanashuka mabondeni kuchota na kupanda tena na mzigo kichwani. Siku hizi kuna Mradi wa Maji wa Makonde na watu wengi huvuna maji ya paa, lakini maji huko bado yana heshima yake. Lita 60 zilizoosha baiskeli ni lita 60 ambazo hazikwenda jikoni. Pwani shida inaweza kuwa nyingine: visima vingine vina maji ya chumvichumvi, na ukimalizia kuosha kwa maji hayo umeirudishia baiskeli kile ulichotaka kukitoa.

La tatu ni usalama wa baiskeli. Fremu inavumilia karibu kila kitu. Vinavyoumia ni beringi za kitovu cha gurudumu, beringi za kranki (mikono inayobeba pedali), shingo ya usukani, sili (mipira ya kuzuia maji) za shokapu ya mbele, mnyororo na breki. Vyote hivyo hufanya kazi kwa grisi au oili iliyo mahali pake, isipokuwa breki, ambazo zinataka ukavu na usafi. Mwisho kabisa angalia muda wako na mfuko wako.

Ndoo, dodoki na brashi

Maji na gharama: ndoo mbili za lita 20 zinatosha baiskeli iliyochafuka sana, na mwenye mkono mwepesi anamaliza kwa moja na nusu. Vifaa vinapatikana duka lolote: dodoki, brashi ya kufulia, mswaki wa zamani, matambara mawili, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya unga inatoa uchafu, sikatai, ila ni kali kwa rangi na kwa aluminiamu, kwa hiyo ukiitumia weka kidogo na usuuze sana.

Tope inaloliweza: yote matatu. Mfinyanzi ndio utakaokuchosha. Ukwangue kwanza kwa kijiti ungali mbichi, hasa nyuma ya kranki na chini ya taji la foku, ndipo uanze na maji. Ukianza na dodoki juu ya mfinyanzi mzito, ndoo yote inageuka uji wa tope na unabaki kusugulia mchanga kwenye rangi.

Usalama kwa baiskeli: hapa ndoo inazipita njia zote za maji. Maji yanamwagika kwa uzito wake tu, hakuna kinachoyasukuma ndani ya beringi. Angalizo ni mpangilio. Anza juu na ushuke: usukani, kiti, fremu, foku, magurudumu. Mnyororo na meno ya gia viwe vya mwisho, tena na brashi yake na tambara lake. Dodoki lililogusa mnyororo likipita kwenye diski ya breki linaacha oili, na padi zikinywa oili breki zinapiga kelele na kupoteza nguvu. Mara nyingi dawa yake inakuwa padi mpya.

Muda: nusu saa hadi dakika 45. Unalipwa kwa njia nyingine, kwani mkono unapita kila mahali, na ndipo unapogundua spoku iliyolegea au waya wa gia ulioanza kuchanika.

Inamfaa mwenye maji machache na subira, na mwenye baiskeli ya thamani ambaye hataki mtu mwingine aiguse.

Mpira wa bombani

Maji na gharama: bomba lenye nguvu nzuri hutoa lita 10 hadi 15 kwa dakika. Dakika kumi bila kulifunga ni lita 100 hadi 150, na bili inasoma. Weka kichwa cha kufungia mwishoni mwa mpira, au ukunje mpira unaposugua.

Tope inaloliweza: udongo mwekundu na mchanga wa bahari unatoka vizuri sana, tena kwa chumvi sioni njia iliyo bora kuliko maji mengi baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayotiririka bila nguvu. Kwa mfinyanzi inategemea bomba lako. Tangi lililoinuliwa mita 3 linatoa msukumo wa bar 0.3 tu (bar ni kipimo cha msukumo), kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni bar 1. Maji ya namna hiyo yanalainisha tope, hayaling'oi. Brashi utaishika tu.

Usalama kwa baiskeli: mzuri, mradi usibane mdomo wa mpira kwa kidole gumba na kuuelekeza katikati ya gurudumu kutoka ubavuni. Piga kutoka juu au kutoka nyuma. Usiigeuze baiskeli kichwa chini wakati wa kuosha, kwa sababu maji yanashuka kwenye shingo ya usukani na kutuama.

Muda: robo saa hadi dakika 20.

Inamfaa mwenye bomba la uhakika nyumbani, na yeyote aliyetoka ufukweni.

Pampu ya mgongoni

Njia hii huku kwetu tunaijua kwa kazi nyingine, na nashangaa kwamba wachache tu wameifikiria kwa baiskeli. Ni ile pampu ya mkono ya kubeba mgongoni, ya lita 16 au 20, inayopulizia mashambani. Baadhi ya wakulima wa mikorosho wanayo nyumbani, na inatoa msukumo wa bar chache tu. Msukumo huo unatosha kuusogeza udongo na hautoshi kuvunja sili.

Maji na gharama: ukijaza nusu ya tangi umepata lita 8, na kwa udongo mwekundu zinatosha kuloanisha baiskeli nzima, kusubiri dakika chache, kusugua, kisha kusuuza. Hakuna njia ya maji inayotumia kidogo kiasi hiki. Gharama ni kuinunua mara moja.

Tope inaloliweza: mwekundu, vizuri. Mchanga wa chumvi, vizuri pia, ila malizia kwa kumwagia ndoo moja ya maji baridi. Mfinyanzi, kwa shida. Legeza nozeli itoe mkondo mmoja badala ya ukungu, na kijiti kitangulie.

Usalama kwa baiskeli: mzuri sana. Usalama kwako ndio jambo kubwa, na hapa naomba usikilize. Usitumie pampu iliyowahi kupulizia viuatilifu, hata kama umeisuuza mara kumi. Mikorosho hupuliziwa wakati wa kiangazi, inapochipua na kutoa maua, kwa hiyo masika yote pampu inalala stoo na macho yanaitamani. Dawa inabaki kwenye mpira, kwenye vali, kwenye kichujio cha ndani ya mpini. Utaipuliza kwenye baiskeli, itakurudia usoni, itabaki kwenye mpini utakaoushika kesho huku unakula muhogo, na itatuama uani wanapocheza watoto. Nunua ya kwako mpya, iandike ubavuni MAJI TU kwa rangi kubwa, na uitunze mbali na zile za shamba.

Muda: dakika 20 hadi 30, ukihesabu kujaza na kupiga mpini.

Inamfaa aliyeko Newala, Mahuta, Rondo au popote pasipo na bomba, na vijana wanaoendesha kwa kundi. Pampu moja inazunguka baiskeli tatu.

Mashine ya presha

Maji na gharama: unalipia. Bei ya baiskeli kwa kawaida iko chini ya ile ya bodaboda, lakini kubaliana kabla ya mashine kuwashwa. Maji si mengi kama watu wanavyodhani. Mashine inatumia maji machache kuliko mpira ulioachwa wazi, kwa sababu kazi inakwisha haraka.

Tope inaloliweza: lolote. Kwa mfinyanzi uliokauka siku mbili, sina njia nyingine ya kukushauri yenye kasi hii.

Usalama kwa baiskeli: hapa ndipo pa kukaa na kufikiri. Mashine hizi husukuma maji kwa bar 100 na zaidi. Sili ya mpira kwenye kitovu cha gurudumu imetengenezwa kuzuia mvua na maji ya kurukia, haikutengenezwa kuzuia mkondo wa namna hiyo kutoka sentimita 20. Maji yanapita, yanakaa ndani na grisi, na kwa nje baiskeli inang'aa vizuri kabisa. Wiki kadhaa baadaye ukizungusha gurudumu unasikia mkwaruzo, na fundi akifungua anakuta grisi imekuwa kama maziwa ya mgando na vigololo vimeota kutu. Kwa hiyo lawama haiangukii kuosha, inaangukia beringi kwamba zilikuwa feki.

Simaanishi ukatae mashine. Simama karibu na anayeosha. Mwambie kwa upole, "Mdogo wangu, hapa katikati ya gurudumu na hapa kwenye kranki usipige. Piga tairi na fremu, ukae mbali kidogo, mita moja hivi." Wengi ni wasikivu wakielezwa mapema. Mwombe atumie mkondo uliotawanyika, asitumie ule wa sindano, na asipige mnyororo wala shokapu. Mnyororo utausafisha mwenyewe nyumbani. La mwisho, kataa mapema kumaliziwa kwa dizeli au kipolishi cha kung'arisha. Kwa bodaboda kinapendeza, kwa baiskeli ya breki za diski ni ajali inayosubiri mteremko.

Muda: dakika 5 hadi 10, foleni ikiwa fupi.

Inamfaa asiye na maji nyumbani na yuko mjini, au aliyezama kwenye mfinyanzi. Mwenye shokapu ghali afikirie mara mbili.

Brashi kavu

Maji na gharama: hakuna maji kabisa. Brashi moja ngumu kiasi, mswaki na tambara.

Tope inaloliweza: udongo mwekundu wa uwandani, na huo tu. Iache baiskeli kivulini hadi udongo ubadilike rangi, kisha uupige brashi kuelekea chini. Unadondoka wenyewe. Mfinyanzi haukubali. Mchanga wa bahari ndiyo kabisa usijaribu, kwa sababu brashi inaondoa mchanga na kuacha chumvi.

Usalama kwa baiskeli: beringi ziko salama kuliko hata kwa ndoo. Rangi inaweza kupata michubuko midogo ukisugua kwa nguvu udongo mkavu wenye mchanga, basi mkono uwe mwepesi na usitumie tambara kavu kwenye fremu kabla brashi haijapita. Vilevile njia hii ina hitaji moja ambalo wengi hulisahau: mnyororo hausubiri ukauke. Ukifika tu, kabla hujavua viatu, ushike kwa tambara na uzungushe pedali kinyumenyume mpaka tambara liache kuchukua tope jipya. Funga pua kidogo unapopiga brashi, vumbi lile ni jingi.

Muda: dakika 15 za kazi, na saa kadhaa za kusubiri.

Inamfaa mwenye kuendesha mara nyingi kwa wiki kwenye udongo mwekundu. Haileti baiskeli ya kupigia picha, inaleta baiskeli inayoendesheka kesho.

Baada ya kuosha, kwa njia zote

Njia yoyote utakayoshika, kama hukukausha na hukutia mafuta kwenye mnyororo, bora ungeiacha na tope lake la jana. Naona watu wakibishana kuhusu mashine na ndoo, halafu wote wawili wanaegemeza baiskeli ukutani inachuruzika maji na kwenda zao.

Idundishe baiskeli chini mara mbili tatu, tairi zote mbili, maji yaliyojificha yadondoke. Chomoa nguzo ya kiti, igeuze baiskeli kwa muda mfupi tu, uone kama kuna maji yaliyoingia kwenye bomba la fremu, na yapo mara nyingi kuliko unavyodhani. Weka alama ya urefu wa kiti kabla ya kuchomoa. Futa mnyororo hadi ukauke, iache baiskeli kwenye upepo kivulini, kisha tia oili tone moja kwenye kila pingili, kwa upande wa ndani. Zungusha pedali kwa dakika moja. Sasa futa oili yote inayoonekana kwa nje. Oili inayosaidia ni ile iliyoingia ndani ya pingili. Ya nje inakamata mchanga tu.

Oili gani? Ya mnyororo wa baiskeli kama unaipata. Ya cherehani inafaa kwa dharura lakini ni nyepesi, mvua moja inaiondoa. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya pikipiki usiitumie, ina vumbi la chuma ndani yake. Mafuta ya kula yanageuka gundi. Mafuta ya taa yanafaa kusafishia mnyororo uliokwisha kuwa mweusi, kwa tambara, mbali na diski na tairi, na usiku huohuo utie oili mpya. Petroli iache. Moto hauna mazoea na mtu.

Ukiwa hapo, pima mnyororo kwa rula ya shule. Pingili kumi pana na kumi nyembamba, yaani jozi kumi, zikiwa mpya zina urefu wa sentimita 25.4 kutoka pini hadi pini. Zikivuka 25.5, tafuta mnyororo mpya. Zikikaribia 25.7, umechelewa, na huenda meno ya gia ya nyuma nayo yamekwisha kuliwa. Mchanga wa huku unafanya kazi hiyo haraka, na mnyororo mmoja ni nafuu kuliko seti nzima ya gia.

Kwa breki za rimu, futa rimu pande zote mbili na uchungulie padi. Punje za mchanga zikikwama humo, zitoe kwa sindano, la sivyo kila unapofunga breki unakereza rimu.

Ukiwa katika hali hii, chagua hivi

Upo Newala au Tandahimba, udongo ni mwekundu, maji ni ya tangi: brashi kavu siku za kawaida, pampu ya mgongoni mwisho wa wiki. Hujanunua pampu? Nusu ndoo na dodoki zinakutosha.

Upo Mtwara mjini au Lindi mjini na bomba lina maji: mpira kwa fremu, ndoo na brashi kwa mnyororo. Maji yakiwa ya mgawo, jaza ndoo mbili siku yanapotoka na uziweke kwa kazi hiyo.

Umetoka bondeni na mfinyanzi umefunga magurudumu: kwangua kwa kijiti hapohapo njiani kabla haujakauka. Mjini mashine ya presha, kwa masharti niliyoyataja. Kijijini ndoo, na umkabidhi mdogo wako kazi ya kumwagia maji wakati wewe unasugua.

Umeendesha ufukweni Msimbati au umepita kwenye maji ya bahari Mikindani: maji baridi mengi, siku hiyohiyo, kabla ya chakula. Brashi kavu hapana, kisima cha chumvi hapana. Kama huna bomba, bora utumie ndoo tatu leo.

Baiskeli ni ya kazi, ya kubebea mizigo au ya kwendea shuleni, na asubuhi inaondoka tena: futa mnyororo, futa rimu, tia oili, lala. Fremu itasubiri Jumamosi.

Baiskeli ni ya kukodisha watalii Mikindani au Kilwa, na lazima ipendeze kila asubuhi: mpira au pampu ya mgongoni kila siku, na fundi afungue vitovu vya magurudumu na kutia grisi mpya mvua zinapokatika, mwezi wa Mei au Juni.

Una haraka na mtu wa mashine yupo mlangoni: nenda, lakini usiende kunywa chai wakati anaosha.